Pumzi ya Fundi Mdogo

Bi Mkasi alipewa jina hilo na wateja. Alikuwa mkata vitambaa katika karakana ya makochi, na mkasi wake ulining'inia shingoni kwa utepe tangu asubuhi hadi jioni. Karakana ilikuwa mbele, nyumba ilikuwa nyuma, na katikati palikuwa na mlango mmoja ambao mchana haukufungwa. Ukiingia, cha kwanza kukupokea ni harufu ya gundi. Cha pili ni vumbi la sponji. Cha tatu, siku hizi, kilikuwa mkoromo.

Mkoromo ule ulikuwa wa binti yake. Binti huyo aliitwa Fundi Mdogo. Baba yake ndiye aliyempa jina, siku alipopigilia msumari wake wa kwanza bila kujigonga kidole. Wakati ule alikuwa na miaka tisa. Sasa alikuwa na thelathini na minne. Baba yake, Fundi Mkubwa, alifariki miaka mitatu iliyopita, lakini jina la Mdogo lilibaki ingawa Mkubwa hakuwepo tena.

Fundi Mdogo aliijua kazi. Hakuna kochi lililomshinda. Ila usingizi ulimshinda. Alisinzia na sindano mkononi. Alisinzia mteja akimweleza rangi anayoitaka. Asubuhi aliamka na kichwa kinamgonga, mdomo mkavu, na hasira zisizo na sababu. Mara mbili alimpa mama yake vipimo vya kiti kilekile, na vya mara ya pili havikulingana na vya kwanza.

"Mwanangu, umelala tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi," Bi Mkasi alimwambia siku moja. "Usingizi gani huu usioshiba?"

"Sijui, mama. Naamka kama mtu aliyebeba magunia."

"Ni uchovu."

"Uchovu wa kulala?"

Hawakuendelea. Kazi ilikuwa nyingi, na wote wawili walizoea kutoongea sana tangu msiba.

Jumanne moja Fundi Mdogo alipakia viti sita kwenye pikapu kuvipeleka kwa mteja. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, barabara imenyooka. Hakufika. Karibu na kiwanda cha matofali macho yalijifumba. Pikapu ilitoka barabarani taratibu, ikaingia mtaroni. Viti vitatu vilivunjika miguu. Yeye alipasuka juu ya jicho, akashonwa nyuzi tano.

Hakuna mwingine aliyeumia. Lakini waliomtoa garini walisema amelewa, na maneno hayo yalifika nyumbani kabla yake. Fundi Mdogo hakuwahi kuonja pombe maishani.

"Wanasema nilikunywa," alimwambia mama yake, bandeji ikiwa bado mpya.

"Acha waseme. Mdomo haulipiwi kodi."

"Lakini nilifanya nini, mama? Niambie wewe. Nilikuwa naiona barabara. Halafu nikaona majani."

Bi Mkasi alichovya pamba kwenye maji. Alimpangusa damu iliyokaukia sikioni, akarudi mezani kwake, akakata kitambaa ambacho hakikutakiwa kukatwa siku ile.

Siku nne baadaye alikuja jirani mmoja kuchukua kiti chake kilichobadilishwa sponji. Jirani huyo alifanya kazi hospitalini. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu waliopata kiharusi kusema na kumeza upya, na kuwasaidia watoto wenye kigugumizi. Watoto hao ndio waliomwita Mwalimu wa Ulimi, na jina likamfuata mpaka mtaani.

Ilikuwa saa nane mchana. Fundi Mdogo alikuwa amelala chali juu ya kochi refu lisilo na kitambaa, nyundo ikiwa bado kiganjani, akikoroma kwa nguvu.

"Samahani, mwalimu," alisema Bi Mkasi kwa aibu. "Usimcheke. Amerithi kwa baba yake."

"Sicheki. Tunyamaze kidogo, mama. Tumsikilize."

Mkoromo ulipanda, ukapanda, kisha ukakatika. Karakana ikawa kimya. Kifua cha Fundi Mdogo kiliendelea kuhangaika juu na chini, lakini hakuna hewa iliyopita. Mwalimu alitazama saa yake. Sekunde kumi. Kumi na tano. Ishirini na moja. Ghafla Fundi Mdogo akashtuka, akavuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Akageuza shingo. Mkoromo ukaanza upya. Hakufumbua macho.

"Huku kukata pumzi umekusikia mara ngapi?" aliuliza mwalimu.

"Kila siku. Si ndivyo alivyo mtu mwenye usingizi mzito?"

"Hapana, mama. Huyu hana usingizi mzito. Huyu hapati usingizi kabisa."

Bi Mkasi alivuta kigoda akakaa. Mwalimu naye akakaa, akasema kwa sauti ya chini.

"Njia ya hewa kooni ni laini. Tukiwa macho, misuli ya ulimi na koo huishikilia ikae wazi. Tukilala, misuli hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea mno. Ulimi unarudi nyuma, njia inaziba. Mtu anakosa hewa. Ubongo unamshtua avute pumzi. Yeye hakumbuki kitu, lakini ameamshwa. Akilala tena, njia inaziba tena. Inaweza kutokea mara ishirini kwa saa moja, au thelathini, au zaidi. Sasa piga hesabu ya usiku mzima."

"Ndiyo maana anasinzia mchana."

"Ndiyo maana. Na kichwa humuuma asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Mdomo mkavu? Kusahau? Hasira?"

"Umeishi humu ndani, mwalimu?"

Mwalimu alitabasamu kidogo. "Si kila anayekoroma ana ugonjwa huu. Wengi wanakoroma tu, basi. Lakini mtu akikoroma, akakata pumzi, akashtuka kwa kukosa hewa, na mchana akasinzia ovyo, huyo apelekwe hospitali. Usipotibiwa, ugonjwa huu unaweza kupandisha shinikizo la damu na kuuchosha moyo. Na unasababisha ajali kama hii ya juzi."

Bi Mkasi aliushika mkasi wake kwa mikono miwili.

"Na mtu anaweza kufa nao?"

Mwalimu alimtazama. "Kwa nini unauliza, mama?"

Fundi Mkubwa alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye shingo fupi. Mtaa mzima ulimwita Trekta kwa sababu ya mkoromo wake. Hakukasirika. Alisema, "Trekta likinguruma, jueni shamba linalimwa." Bi Mkasi alilala naye kitanda kimoja miaka thelathini na moja. Kisha masikio yakachoka. Akahamishia godoro lake chumba cha pili, penye majora ya vitambaa. Hapakuwa na ugomvi. "Trekta, mimi nahamia ng'ambo," alimwambia mumewe. Naye akajibu, "Nenda salama. Ukifika uniandikie barua." Walicheka wote wawili.

Walilala hivyo miaka miwili, ukuta mmoja katikati. Usiku wa mwisho, karibu na alfajiri, Bi Mkasi aliamka. Alisikiliza. Ng'ambo ya ukuta palikuwa kimya kabisa.

"Nilishukuru," alimwambia mwalimu, macho yakiwa chini. "Nilisema moyoni, leo mume wangu amepata usingizi mzuri. Nikageukia ukutani nikalala. Asubuhi nikampelekea maji ya kunawa. Alikuwa ameshapoa." Akamalizia: "Watu wote wanajua alifariki usingizini. Hawajui kwamba nilikuwa macho, nikasikia kimya kile, nikafurahi. Hata mwanangu hajui."

Mwalimu alimshika mkono.

"Mama, siwezi kukuambia kwamba ugonjwa huu ndio uliomchukua. Hakupimwa. Huenda ni huo, huenda ni kitu kingine. Leo hakuna anayeweza kujua. Na wewe hukujua cha kusikiliza. Hakuna aliyekufundisha."

"Hayo ni maneno ya kunituliza."

"Nusu ni ya kukutuliza. Nusu ni ya kweli."

Bi Mkasi alilia bila sauti. Alilia kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea, huku akiangalia mlango asije mteja.

Jioni, baada ya kula, alimweleza binti yake habari za hospitali. Fundi Mdogo alikataa.

"Mama, nikasimame mbele ya daktari niseme nakoroma? Mwanaume akikoroma watu wanacheka. Mwanamke akikoroma watu wanaambiana. Tayari mimi ni mlevi mtaani. Sasa niwe trekta pia?"

"Trekta alikuwa baba yako."

"Najua."

"Hujui." Bi Mkasi aliweka sahani chini. Kisha akamsimulia yote: alivyokuwa akimsikia mumewe akikata pumzi, alivyohama, kimya kile, na furaha ile.

Fundi Mdogo alisikiliza hadi mwisho. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Kwa hiyo ulijua anakata pumzi."

"Nilisikia. Sikujua."

"Tofauti yake nini?"

"Mimi mwenyewe najiuliza. Miaka mitatu najiuliza."

Fundi Mdogo aliinuka akaenda chumbani kwake. Kesho yake walifanya kazi bila kusemeshana. Mmoja alikata, mwingine alipigilia. Wateja waliingia na kutoka. Bi Mkasi alidhani sasa amempoteza na mtoto pia. Jioni, wakati wa kufagia vumbi la sponji, Fundi Mdogo alisema bila kuinua kichwa:

"Hospitali wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Basi tuondoke saa moja."

Hospitalini daktari aliwauliza maswali mengi, akampima Fundi Mdogo uzito, shinikizo la damu na unene wa shingo, akamulika koo. Kisha akampa kifaa kidogo cha kwenda nacho nyumbani. Alilala nacho usiku mmoja, waya mmoja kidoleni, kijimpira puani, mkanda kifuani. Waliporudi, daktari alisoma majibu.

"Njia yako ya hewa inaziba au kubana mara ishirini na mbili kwa saa," alisema. "Ni ugonjwa wa kiwango cha kati. Shinikizo la damu nalo limeanza kupanda. Tiba yenye nguvu zaidi ni mashine ndogo ya kusukuma hewa. Unavaa kinyago chake ukilala. Hapa kwetu mashine ni chache, na foleni yake ni ya miezi. Nakuandikisha leo. Lakini hatutakaa tukisubiri."

"Nifanye nini?"

"Lala ubavu, usilale chali. Punguza uzito kidogo kidogo. Pombe hunywi, vizuri. Dawa za kuleta usingizi usiguse bila kuniuliza, maana zinalegeza koo zaidi. Usiendeshe gari mpaka nikuruhusu. Na utafanya mazoezi ya ulimi na koo kila siku. Jirani yenu atakufundisha. Hayafanyi kazi kwa siku mbili. Nipe miezi mitatu."

Fundi Mdogo alitoka akanong'ona, "Mazoezi ya ulimi. Ulimi si ndio unaofanya mazoezi mtaani kutwa?"

Ulikuwa utani wa kwanza kumtoka tangu ajali.

Mwalimu wa Ulimi alikuja jioni na kioo kidogo na puto. Waliketi karakanani, kwenye kochi lililosubiri kitambaa.

"Zoezi la kwanza," alisema. "Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu. Ibonyeze, halafu uitelezeshe kurudi nyuma kwenye kaakaa, mpaka inapoishia. Mara ishirini."

Fundi Mdogo alifanya. Ilipofika mara ya kumi na mbili alisimama. "Ulimi unauma."

"Unauma kwa sababu ni msuli. Haukuwahi kufanyishwa kazi hii. La pili, bandika ulimi wote juu kwenye kaakaa, uubane hapo, kisha uachie. Mara ishirini. La tatu, ncha ya ulimi iguse meno ya chini, halafu shusha sehemu ya nyuma ya ulimi. Mara ishirini pia."

"Na hiki kioo?"

"Fungua mdomo, sema 'aaa' fupi fupi. Angalia kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kinainuka? Sasa jaribu kukiinua bila kutoa sauti. Hilo ndilo gumu. Usikate tamaa."

Kisha alimwonyesha kuingiza kidole safi ndani ya shavu, kusukuma shavu nje, na shavu lenyewe kukibana kidole kirudi ndani. Mara kumi kila upande. Mwisho alimpa puto. "Vuta hewa kwa pua, puliza kwa nguvu bila kulitoa puto mdomoni. Mara tano. Yote haya asubuhi na jioni. Na ukitafuna, tafuna pande zote mbili, umeze mdomo ukiwa umefungwa."

"Mwalimu, haya yatamponya?" aliuliza Bi Mkasi.

"Sitakudanganya, mama. Kwa watu wengi wenye kiwango chake yanapunguza. Kuna wasiosaidika. Ndiyo maana atapimwa tena, na jina lake libaki kwenye foleni ya mashine. Mazoezi hayachukui nafasi ya daktari."

Wiki ya kwanza Fundi Mdogo aliona haya. Alifanya mazoezi amejificha nyuma ya majora. Bi Mkasi akaamua kuyafanya pamoja naye. Asubuhi moja walikaa mbele ya kioo, mama na binti, vinywa wazi, wakisema "aaa" kwa zamu. Mteja aliyeingia bila kubisha alisimama mlangoni.

"Mnaumwa?"

"Tunasomea uimbaji," alijibu Fundi Mdogo.

Mteja alitoka taratibu. Mama na binti walitazamana kiooni. Kicheko kikawashika mpaka wakashikana mabega. Kilikuwa kicheko cha Fundi Mkubwa hasa, kile cha tumboni, na wote wawili walikitambua. Bi Mkasi aliacha kucheka kwanza. Alifunika uso kwa kitambaa alichokuwa amekishika.

"Baba angekubali kufanya haya?" aliuliza Fundi Mdogo.

"Siku ya kwanza angekataa. Siku ya pili angeyafanya kushinda mtu yeyote."

"Basi tumalizie ishirini zake."

Walimalizia.

Miezi ilikwenda. Bi Mkasi alishona mfuko mdogo mgongoni mwa fulana ya kulalia ya binti yake, akatia humo kipande kigumu cha sponji, ili akigeuka chali kimsumbue arudi ubavu. Fundi Mdogo alikwenda kwa miguu kununua misumari badala ya kuagiza. Viti vilipelekwa kwa wateja na dereva wa kukodi. Mwezi wa kwanza hawakuona badiliko. Mwezi wa pili kichwa kiliacha kuuma asubuhi. Mwezi wa tatu alikaa kutwa nzima akipigilia viti vya ukumbi, na jioni Bi Mkasi akagundua kwamba hakumwamsha hata mara moja.

Alifurahi. Lakini furaha hiyo ilimuuma. Kila dalili iliyomtoka binti yake, aliikumbuka kwa mumewe: kichwa kile, ukavu ule, kusinzia kule mezani ambako watoto wa mtaani walikuwa wakikufanyia mzaha. Aliona jinsi mambo yalivyokuwa madogo. Puto. Kioo. Kipande cha sponji. Vyote vingeweza kupatikana wakati Fundi Mkubwa akiwa hai, isipokuwa mtu wa kuwaambia.

Kipimo cha pili kilisoma mara kumi na moja kwa saa. Ilikuwa nusu ya mwanzo. Uzito ulikuwa umeshuka kilo nne, na shinikizo la damu limetulia.

"Hujapona," daktari alimwambia Fundi Mdogo. "Ukiacha, itarudi. Jina lako linabaki kwenye foleni, na tutapima tena baada ya miezi sita. Lakini kusinzia kumeisha. Gari unaweza kuendesha."

Walirudi kwa pikapu. Fundi Mdogo aliendesha, Bi Mkasi kando yake. Walipita kiwanda cha matofali. Bi Mkasi aliweka kiganja chake juu ya goti la binti yake, akakiacha hapo mpaka nyumbani.

Mwezi uliofuata aliingia karakanani mwanamke wa makamo, aliyechoka macho. Alitaka kochi linalokunjuliwa kuwa kitanda. Alichagua kitambaa cha kijivu, akauliza litachukua siku ngapi.

"Siku kumi," alijibu Bi Mkasi. "Ni la wageni?"

"Wageni wa wapi. Ni la mume wangu. Nataka ahamie sebuleni. Anakoroma, mama, wacha tu. Nyumba inatikisika."

Fundi Mdogo aliacha kupigilia. Bi Mkasi alikunja kitambaa cha kijivu mara mbili, akakirudisha mezani, akamsogezea mwanamke yule kigoda.

"Kochi nitakutengenezea," alisema. "Ila keti kwanza, mwanangu. Nieleze vizuri. Akikoroma, huwa anakata pumzi?"